Kukatika na Kukatwa: Dola na Njia za Mawasiliano nchini Kongo

Usawa wa mtandao ni kanuni isemayo kwamba mtoa huduma ya intaneti asibague ujumbe kwa kuangalia umetoka wapi au umebeba nini. Istilahi hiyo ilianzishwa na mwanasheria Tim Wu mwaka 2003. Nchini Marekani kanuni iliwekwa mwaka 2015, ikafutwa mwaka 2017, ikarudishwa mwaka 2024, na mahakama ikaitengua Januari 2025. Huko kinachohofiwa hasa ni kampuni, na dola ndiyo inayoombwa iidhibiti. Historia ya Kongo yatulazimu kuuliza swali la pili: dola yenyewe itadhibitiwa na nani?

Chanzo cha swali hilo ni Sheria Na. 013/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa makampuni binafsi, na nyingine iliyofuatana nayo ikaunda mamlaka ya usimamizi, ARPTC. Lakini kifungu cha 46 kiliiruhusu Serikali kupiga marufuku matumizi ya mitambo ya mawasiliano, yote au baadhi, kwa muda itakaouamua yenyewe, kwa ajili ya usalama, ulinzi wa nchi, au sababu nyingine yoyote. Penye sababu yoyote, hapana sababu inayoweza kupingwa.

Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa. Januari 2015 intaneti ilifungwa wakati wa maandamano ya kupinga muswada wa sheria ya uchaguzi. Tarehe 7 Agosti 2017 ARPTC iliyaagiza makampuni yapunguze kabisa uwezo wa kupeleka picha katika mitandao ya kijamii. Maandishi yapite, picha zisipite: huu ndio ubaguzi hasa unaokatazwa na kanuni ya usawa, nao haukubuniwa na mfanyabiashara bali uliamriwa na msimamizi. Kisha, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa kwa siku zipatazo 20, ilhali Ebola ilikuwa ikiua watu Kivu ya Kaskazini na Ituri.

Watetezi wa hatua hizo husema kwamba uvumi huua. Hapa Bunia hakuna awezaye kulidharau neno hilo. Hata hivyo, vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 havikungoja mitandao ya kijamii. Uvumi ulitembea kwa miguu. Intaneti ikifungwa, uvumi haufungwi. Anayefungwa mdomo ni yule ambaye angeukanusha.

Lugha yetu nayo ina la kusema. Mtandao ukipotea, watu husema "umekatika". Kiambishi -ik- huonyesha hali tu, wala hakimdai mtendaji. Ndivyo tusemavyo juu ya kamba iliyochakaa. "Umekatwa" huacha nafasi ya mtendaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika matukio tuliyoyataja, kauli sahihi ni hii ya pili.

Sheria Na. 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ilichukua nafasi ya ile ya 2002. Wanaoisoma hawana budi kuipima kwa maswali matatu: nani anakata, kwa sababu gani iliyotajwa, na raia atalalamika wapi? Sheria isiyoyajibu hayo huuacha mtandao uendelee "kukatika".