Ukomo wa Ubunge: Pendekezo la Warioba Lirudi Mezani

Ibara ya 40 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamzuia mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Sharti hilo liliingizwa katika marekebisho ya 1984, Mwalimu Nyerere akijiandaa kurudi Butiama baada ya karibu miaka 23 ya urais. Mwinyi alilitii 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Mbunge hana sharti la namna hiyo. Anaweza kugombea maisha yake yote. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo haina msingi, na kwamba ubunge nao uwekewe ukomo wa vipindi vitatu.

Pendekezo hilo si langu. Liliwekwa katika rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda: miaka 15 bungeni, basi, pamoja na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Bunge Maalum la Katiba la 2014, ambalo wabunge walikuwa sehemu yake kubwa, liliyafuta yote mawili. Kumwachia mtu aamue ukomo wa kiti anachokikalia ni kasoro ya utaratibu, hata angekuwa mwadilifu namna gani.

Wapinzani wa ukomo wanaweza kutoa ushahidi Bunda hiyohiyo. Stephen Wasira aliingia bungeni mara ya kwanza 1970, kwa jimbo la Mwibara. Mwaka 1995, akiwa NCCR-Mageuzi, alimshinda Warioba mwenyewe. 2005 alirudi bungeni kupitia CCM. Mwaka 2015, miaka 45 tangu aingie mara ya kwanza, Ester Bulaya wa Chadema alimwangusha Bunda Mjini. Musoma Mjini nako Vincent Nyerere wa Chadema alitwaa kiti 2010, na Vedasto Mathayo wa CCM akakirudisha 2015. Ikiwa wananchi wanaweza kuamua hivi, Katiba iwaamulie kwa nini?

Hoja hii ni nzito, na walioisimamia kwa kura zao mkoani Mara wanastahili heshima. Lakini inachukulia kwamba mpiga kura amewekewa mezani chaguo lililo huru, na hapo ndipo inapoyumba. Mgombea lazima apitishwe na chama. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilikwisha kuamua 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linavunja haki. Pale chama kimoja kinapotamba, uamuzi halisi hufanyika katika kura za maoni na vikao vya uteuzi. Mbunge aliyepo huingia humo na jina linalojulikana kila kata, na akiwa mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo kwa mujibu wa sheria ya 2009. Bati la zahanati limenunuliwa kwa fedha ya umma, lakini shukrani zinakwenda kwake. Mpinzani wake hana mfuko.

Inasemwa pia kwamba ukomo utapoteza uzoefu na kuliacha Bunge dhaifu mbele ya Serikali. Miaka 15 inatosha kujifunza kuhoji bajeti. Na uzoefu haufi kiti kinapoachwa: Nyerere alipokuwa si Rais tena aliongoza Tume ya Nchi za Kusini na kusuluhisha mgogoro wa Burundi, na Warioba, baada ya uwaziri mkuu, aliongoza tume ya rushwa ya 1996. Zaidi ya hayo, wabunge wasio na ukomo ni walinzi wabaya wa ukomo wa mwingine. Uganda iliuondoa ule wa Rais 2005 kwa kura za wabunge wa aina hiyo, kisha 2017 wakaondoa na kikomo cha umri.

Kifungu kikiandikwa upya, lugha yake isiache mlango wa nyuma. Vipindi vihesabiwe kwa mtu, si kwa jimbo, kwa sababu majimbo hugawanywa na mwenye kiti huhamia upande wa pili wa mpaka. Viti maalum navyo vihesabiwe. Na mabaki ya muhula yanayopatikana kwa uchaguzi mdogo yafuate kipimo ambacho Katiba tayari inakitumia kwa Makamu wa Rais anayerithi urais: ikibaki miaka mitatu au zaidi, ni kipindi kizima.