Mwandishi Aliyekataliwa Kwao

Wazee wetu walisema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Neno hilo ni la hekima, lakini je, mtu akikataliwa na kwao, yeye tumwiteje? Yafaa tuyatazame maisha ya Dubravka Ugrešić, mwandishi wa riwaya wa Kroatia.

Alizaliwa mwaka 1949 katika mji mdogo wa Kutina. Siku hizo Kroatia ilikuwa moja ya jamhuri sita za Yugoslavia. Baba yake alikuwa Mkroatia, mama yake Mbulgaria. Alisoma fasihi katika Chuo Kikuu cha Zagreb, kisha akafanya kazi huko huko kwa miaka ipatayo 20, akichunguza vitabu vya wengine na kuandika vyake.

Mwaka 1981 alitoa riwaya fupi ya kuchekesha juu ya Štefica Cvek, mpiga taipu atafutaye mapenzi. Aliitunga kama fundi ashonavyo nguo, akaitia hata alama za kukata na kukunja. Wasomaji waliipenda mno, na mwaka 1984 ikatengenezewa filamu. Kwa riwaya yake ya mwaka 1988 alipewa tuzo ya NIN ya mjini Belgrade, ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake.

Mwaka 1991 Yugoslavia ikavunjika na vita vikazuka. Kila mtu akatakiwa aseme yeye ni wa taifa gani, na adui yake ni nani. Ugrešić akakataa. Wakati huo yaliuzwa makopo matupu yaliyoandikwa kwamba ndani yake mna hewa safi ya Kroatia. Wengi walicheka. Yeye akaandika katika gazeti la Ujerumani kwamba mzaha ule una sumu, maana watu waliokuwa wakiisifu hewa safi walikuwa wamekwisha kuanza kusafisha maktaba, lugha, hata majirani zao.

Hakusamehewa. Mwishoni mwa mwaka 1992 gazeti moja la kila juma likamtaja yeye na wanawake wenzake wanne kuwa ni wachawi walioisaliti nchi. Akatukanwa hadharani, na wengi aliowajua wakamwepuka. Mwaka 1993 akaondoka.

Alikaa Berlin, akafundisha Marekani, mwisho akafanya makao Amsterdam, nchini Uholanzi. Riwaya yake juu ya Berlin yaanza na mnyama mkubwa wa bahari za baridi, aliyekufa mwaka 1961 katika bustani ya wanyama ya mji huo. Tumboni mwake vilikutwa vitu alivyovimeza, kama vile kifungulio cha chupa na bangili. Ndivyo ilivyo kumbukumbu ya mhamaji: vitu vidogo vidogo visivyohusiana, ila vimekaa katika tumbo moja. Katika riwaya nyingine, ya mwaka 2004, mwalimu mhamiaji huko Amsterdam awataka wanafunzi wake wakumbuke mambo ya kawaida ya nchi ambayo haipo tena.

Mwaka 2016 Ugrešić alipata tuzo ya Neustadt ya Marekani, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi duniani. Alifariki Amsterdam tarehe 17 Machi 2023.

Basi, alikuwa mtumwa? Angeweza kubaki Zagreb na kazi yake na sifa zake, mradi anyamaze. Hakunyamaza, na gharama yake haikuwa ndogo. Kwa miaka 30 aliishi ugenini akiandika kwa lugha ya nyumbani, huku majirani zake wapya wakingoja mfasiri ndipo wamsome. Hata hivyo hakuiacha lugha ile, wala hakuacha kuwakumbuka watu wake, wema wao na ubaya wao. Mtu wa namna hiyo hakukataa kwao. Alikataa uongo tu, na kwa ajili hiyo akafungiwa mlango.