Ulanguzi wa bidhaa wakati wa dharura

ULANGUZI ni tendo la kununua au kuficha bidhaa kwa wingi ili ziuzwe kwa bei ya kuruka zinapoadimika. Hushamiri maafa yanapozuka, na huwaumiza zaidi wakazi wa maeneo yaliyo mwisho wa njia.

Sindo, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, Suba Kusini, katika Kaunti ya Homa Bay, ni mojawapo. Petroli ya injini za mashua, unga na sukari hupitia miji mingine kwanza. Malori yakikwama, mwenye shehena ghalani ndiye hupanga bei. Mvuvi asiyeimudu petroli huiacha mashua ufuoni, na jioni hiyo nyumbani hakuna cha kutia chunguni.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli kung'olewa Kibera, petroli iliadimika magharibi mwa Kenya hadi Uganda na Rwanda, nayo bei ikapaa. Serikali ilikuwa imeacha kudhibiti bei ya mafuta tangu 1994. Udhibiti ulirejeshwa Desemba 2010, na bei ya kikomo ya kila mji ikawa inatangazwa kila mwezi.

Hata hivyo, bei ya kikomo haimzuii mtu kuficha. Aprili 2022 foleni ndefu zilishuhudiwa vituoni. Kampuni zilidai malimbikizo ya fidia, nayo serikali ikazishutumu kwa kuhodhi mafuta. Mnunuzi alibaki na mtungi mtupu.

Sheria ya Udhibiti wa Bei za Bidhaa Muhimu ya 2011, iliyotokana na mswada wa Ephraim Maina, aliyekuwa mbunge wa Mathira, humruhusu waziri kuweka bei ya juu zaidi ya bidhaa muhimu. Kasoro yake ni kwamba haina nguvu hadi waziri atoe tangazo katika gazeti rasmi la serikali.

Yenye makali zaidi ni Sheria ya Ushindani ya 2010. Machi 2020, janga la Korona lilipoingia nchini, Mamlaka ya Ushindani iliiamuru Cleanshelf iwarejeshee wateja pesa walizotozwa zaidi kwa vitakasa mikono.

Si kila bei iliyopanda ni ulanguzi. Mwenye duka aliyelipa nauli maradufu hana budi kuifidia. Mlanguzi ni yule anayepandisha bei ya mali aliyoinunua kabla ya dharura. Kumtofautisha na mwenzake huhitaji risiti, na katika maduka madogo ya mashinani risiti hutolewa kwa nadra.