Kuushika Wimbo: Sikio na Mkono katika Gitaa la Katanga

Sisi tushughulikao na lugha tumezoea kuyapima maarifa kwa maandishi, na lisiloandikwa twaliita la kubahatisha. Kwa hiyo mtu aliyejifunza gitaa kwa sikio husemwa kwamba hakusoma. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba elimu ya sikio ina kanuni zake, na pia ina mpaka wake. Na asiyeujua mpaka huo hawezi kuiandika historia yake sawasawa.

Mfano ulio bora ni wa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, nchi ya Katanga, mwaka 1930. Bunkeya palikuwa makao ya Msiri, mtawala wa Bayeke, watu ambao asili yao ni Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda katika mji wa Jadotville, uitwao sasa Likasi, akamrekodi akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha huko. Santuri zake zilitolewa Afrika ya Kusini, zikaenea mpaka Kenya. Baadaye Mwenda mwenyewe alifika Nairobi, kama alivyofika Edouard Masengo.

Santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulidumu kama dakika 3. Aliyetaka kujifunza hakuwa na budi kuirudisha sindano tena na tena, mpaka aitenge sauti ya nyuzi nene na ile ya nyuzi nyembamba. Kazi hiyo si ndogo, maana asikilizaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani wapigaji ni wawili. Kumbe Mwenda alipiga peke yake, kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, gumba na shahada.

Hapa ndipo mpaka wa sikio ulipo. Sikio hutambua sauti, lakini halioni mkono. Katika gitaa sauti ile ile moja yaweza kupatikana kwenye uzi huu au ule, na nyuzi zenyewe zaweza kukazwa kwa namna nyingi. Lugha yetu yalijua jambo hili tangu zamani: twasema mtu “ameushika” wimbo, na kitenzi hicho ni cha akili na cha mkono pia.

Nami nalijifunza hayo kwa kukosea. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nalizisikiliza rekodi za Mwenda miaka mitatu, nikaamini nimezishika. Niliporudi nalimpigia mzee mmoja wa magharibi ya Kenya, ambaye katika ujana wake alimwona Mwenda Nairobi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, sauti ni zake, mkono si wake.” Nalitumia vidole vitatu mahali pa viwili, na kwa hiyo mkazo ulianguka pasipo pake. Ni kama mgeni atakaye kusema barabara kwa maana ya “sawasawa”, akaitamka kwa mkazo wa barabara ipitayo magari: hakukosea herufi hata moja, lakini hakusema alilokusudia.

Wataalamu wamejaribu kuliziba pengo hili. David Rycroft alichapisha makala mawili juu ya upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, akiziandika sauti kwa nota. Kazi yake ni ya thamani kubwa. Walakini John Low, mpigaji gitaa mwenyewe, hakutosheka na rekodi wala nota. Alisafiri mpaka Katanga, siku hizo ikiitwa Shaba, akakutana na Mwenda, na habari za safari hiyo zikachapishwa mwaka 1982.

Mwenda alifariki mwaka 1990. Sauti yake imehifadhiwa, nasi twaweza kuisikia wakati wowote. Lakini waliomwona akipiga wanapungua kila mwaka. Yatupasa basi, tuendapo kukusanya masimulizi na nyimbo, tusiwaombe wazee maneno tu. Tuwaombe watuonyeshe vidole, tuwapige picha za filamu, tuandike jinsi wanavyokaza nyuzi na majina wanayoyapa mapigo yao. Mzee niliyemtaja nalimrekodi kwa chombo cha sauti peke yake. Niliporudi kwake mwaka uliofuata, naliambiwa ameshazikwa.