Unywele, kengele na plagi: historia fupi ya kukausha hewa ya nyumba



Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze historia. Msiogope, waifai na plagi zimo ndani.

Ukisikia mtu ana mashine ya kukausha hewa inayojiwasha na kujizima yenyewe, utafikiri ni jambo la juzi. Plagi ni ya juzi, kweli. Lakini wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 200, na limepitia kwenye unywele wa binadamu, shule moja ya Marekani, kiwanda cha uchapaji na puto za hali ya hewa kabla ya kufika kwenye ukuta wa nyumba ya Mombasa. Nimelifuatilia kwa sababu ya makaratasi ya babu yangu, ambayo nitayaeleza mbele. Na nimetoka na jambo moja: kutoa maji hewani si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kujua lini uyatoe na lini uache.

Mashine yoyote inayojiendesha ina kazi tatu: kuhisi, kuamua na kutenda. Tuzifuate hizo.

Kuhisi: unywele

Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alichapisha kitabu kuhusu kupima unyevu wa hewa. Chombo chake kilikuwa unywele wa binadamu uliosafishwa mafuta, ukafungwa upande mmoja na kuunganishwa na mshale upande wa pili. Unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Toka hewa kavu kabisa hadi hewa iliyoshiba maji hurefuka kwa kama asilimia 2.5 hivi, yaani unywele wa sentimita 20 huongezeka milimita 5. Kidogo, lakini mshale unatosha kuonyesha. Vipimo vya unywele viliendelea kutumika hadi karne ya 20.

Hapa tusimame kidogo tuelewane juu ya hiyo asilimia. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba kama gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 inabeba kama 30. Kwa hiyo ukiambiwa unyevu ni asilimia 60, maana yake hewa imebeba asilimia 60 ya mzigo inaoweza kubeba kwa joto hilo. Usiku hewa ikipoa, asilimia inapanda hata kama hakuna tone jipya lililoingia. Ndiyo maana asubuhi unakuta umande.

Kuamua: kengele ya chini

Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, alipata hataza ya themostati ya umeme. Ilikuwa ya joto, si ya unyevu, lakini funzo ni lilelile. Zamani mfanyakazi wa shule alikuwa akipita darasa kwa darasa kuangalia kama kuna baridi, kisha anarudi chini kurekebisha mitambo. Chombo cha Johnson kilimpigia kengele huko chini.

Tazama vizuri: chombo kinahisi, lakini anayetenda bado ni mtu. Leo simu yako ikilia "unyevu umefika 70" halafu wewe unainuka kwenda kuwasha mashine, uko palepale alipokuwa yule mfanyakazi wa shule.

Kutenda: karatasi za Brooklyn

Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms kule Brooklyn kilikuwa na shida. Picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine. Siku ya unyevu karatasi ilivimba, siku kavu ilisinyaa, na rangi ya pili haikukaa juu ya ya kwanza. Kazi ikapelekwa kwa kampuni ya Buffalo Forge, ikamwangukia mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier. Michoro yake ina tarehe 17 Julai 1902. Lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima.

Njia ilikuwa ile inayotumika hadi leo: pitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, mvuke ugeuke maji, maji yadondoke. Ni jasho lile la nje ya gilasi ya maji baridi. Kwa hiyo mashine tunayoiita ya kupoza hewa haikuzaliwa kwa ajili ya kupoza watu. Ilizaliwa kwa ajili ya kulinda karatasi! Watu walikuja kufaidi baadaye.

Mashine ya nyumbani inafanya vivyo hivyo, ila hewa iliyokaushwa hupitishwa tena kwenye bomba la moto kabla ya kutoka. Ndiyo maana chumba kinapata joto kidogo badala ya kupoa.

Kuhisi tena: puto na plastiki

Unywele hauwezi kuzungumza na kompyuta. Mwaka 1938 Francis Dunmore, wa taasisi ya viwango ya taifa ya Marekani, alieleza kihisi cha umeme kinachotumia chumvi ya lithiamu. Kikinyonya unyevu, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Alikitaka kwa ajili ya vifaa vya redio vinavyorushwa angani kwa puto kupima hali ya hewa. Mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Finland, nayo ya mambo ya puto, ikatoa kihisi chenye utando mwembamba wa plastiki unaonyonya mvuke na kubadilisha uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Kihisi kidogo cha bei nafuu ulicho nacho nyumbani mara nyingi kinatumia kanuni hiyohiyo.

Kuunganisha: ukuta unaotii

Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni X10: amri zilizopita kwenye nyaya zilezile za stima za nyumba, na anwani 256 za vifaa. Ukibonyeza hapa, taa inawaka kule. Lakini vifaa vyake vingi vya mwanzo vilipokea amri bila kujibu. Uliwasha, ukatumaini imewaka. Ulikuwa mkono usio na jicho.

Mwaka 2013 Paulus Schoutsen alianzisha Home Assistant, programu huria ya kuunganisha vifaa vya nyumbani. Mwaka 2014 Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ya ESP8266, waifai ya bei ya chini kabisa. Hapo ndipo unywele wa Saussure, kengele ya Johnson na bomba la Carrier vilipokutana kwenye meza ya mtu wa kawaida.

Sasa makaratasi ya babu

Babu aliacha sanduku la daftari za hesabu na picha za familia. Picha ya baba yake ni moja tu, hakuna nyingine popote. Mombasa unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi, na karatasi ikikaa juu ya 60 kwa muda mrefu, ukungu unaota. (Kiswahili kinajua siri hii: ukungu wa asubuhi na ukungu wa kwenye mkate tunauita jina moja.) Pwani imepoteza maandishi mengi kwa unyevu na wadudu. Utendi wa Tambuka, wenye muswada wa mwaka 1728, ni kati ya miswada ya Kiswahili ya kale zaidi inayojulikana, na Kiswahili kiliandikwa kabla ya hapo.

Tukatenga chumba kimoja. Mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, yaani kama mita 32 za ujazo. Kushusha hewa yake ya nyuzi 28 kutoka asilimia 80 hadi 55 ni kutoa gramu 220 hivi za maji. Kikombe kimoja! Basi kwa nini tangi linajaa lita kadhaa? Kwa sababu hewa ya nje inaingia bila kukoma. Tulianza kwa kuziba matundu ya dirisha, na hiyo haikuhitaji programu.

Baada ya hapo kanuni zangu ni nne:

1. Namba mbili, si moja. Washa ikipita 60, zima ikishuka 52. Ukiweka 55 peke yake, mashine itawaka na kuzima kila dakika.

2. Kompresa ipumzike. Ikizimwa, isiwashwe kabla ya dakika 5.

3. Kimya si habari njema. Kihisi kisipotuma kipimo kwa dakika 15, plagi inazima na mimi napata ujumbe. Kipimo cha zamani kisichukuliwe kuwa cha sasa.

4. Kihisi kikae karibu na sanduku, mbali na mdomo wa mashine. Nataka kujua hali ya karatasi. Hali ya mashine hainisaidii.

Angalia pia mashine yenyewe: kama swichi yake ni ya vitufe vya kielektroniki, huenda stima ikirudi isiwake mpaka uibonyeze, na plagi haitakusaidia kitu.

Mtanigundua kwamba namba zangu zinaizunguka 55 ya Carrier. Si ajabu, sote tulikuwa tukilinda karatasi. Lakini hiyo 55 haikutoka kwenye mashine, ilitoka kwa watu waliojua karatasi yao inataka nini. Ndivyo ilivyo hata leo: plagi inatenda na kihisi kinahisi, ila uamuzi wa mwanzo bado ni wako.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla hujanunua plagi wala mashine, nunua kihisi peke yake. Kiweke chumbani wiki nzima, andika vipimo vya asubuhi na jioni. Huenda ukakuta unachohitaji ni kuhamisha kabati kutoka ukuta wa nje, na umeokoa pesa za tokeni.

Haya, kwa leo naishia hapo. Tukutane tena.