Motokaa, Maziwa na Milima ya Upare

Miongoni mwa starehe zilizozuka baada ya kuvumbuliwa motokaa, ni chache zilizosifiwa katika Ulaya kuliko ile ya mtu kujiendeshea chombo chake mwenyewe kandokando ya maziwa yaliyo chini ya milima. Msafiri wa namna hii hutoka ziwa Como akaenda Maggiore, hutoka Maggiore akaenda Garda. Hulala katika hoteli za fahari, husimama apendapo, hutazama maji na theluji, kisha huondoka. Safari yake huhesabiwa kuwa kilele cha uhuru, kwani hana kiongozi, hana mchukuzi, wala hangoji saa ya garimoshi. Lakini barabara azipitazo zina habari nyingine. Njia ya Simplon, ipitayo kando ya Maggiore, ilikamilishwa mwaka 1805 kwa amri ya Napoleon, aliyetaka mizinga yake ipate kuvuka milima ya Alps. Njia ya Axen, kando ya ziwa Lucerne, ilifunguliwa mwaka 1865, wakati motokaa haijajulikana bado. Barabara ya ukingo wa magharibi wa Garda ilifunguliwa mwaka 1931, baada ya majabali kutobolewa mahandaki mengi. Vita, biashara na jasho vilitangulia. Starehe ikafuata nyuma yake.

Yafaa kuuliza kama mambo ni hayo hayo katika Afrika ya Mashariki, na pahali pazuri pa kupimia ni milima ya Upare, ambayo mji wa Same umekaa chini yake. Kwa kawaida Same hutajwa kama kituo tu katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Msafiri hunywa chai, hutia petroli, akaendelea, macho yake yakiwa yameelekea Kilimanjaro. Walakini mtu mwenye motokaa imara na siku chache za nafasi aweza kufanya pale safari isiyopungukiwa uzuri. Akienda kaskazini hupita Mwanga. Upande wa magharibi huliona bwawa la Nyumba ya Mungu limetandaa katika nyika kavu, na akiizunguka ncha ya kaskazini ya milima hufika ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Akirudi Same na kushika njia ya mashariki hupita Kisiwani, Gonja na Ndungu, karibu na bwawa la Kalimawe, kisha Kihurio hata Mkomazi. Na kutoka hapo hurejea kwa Hedaru na Makanya, akiwa ameizunguka milima yote ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, chafikia mita 2,462.

Mzunguko huu waweza kumalizwa kwa siku mbili, lakini umetengenezwa kwa zaidi ya miaka mia. Wa kwanza kuizoea njia ya chini ya milima hii, mbali na wenyeji wenyewe, walikuwa watu wa misafara iliyopanda kutoka Pangani na Tanga kufuata pembe za ndovu. Kwao ziwa halikuwa mandhari. Lilikuwa maji, samaki, na mahali pa kutua mizigo baada ya nyika isiyo na kisima. Wazungu walipokuja walifuata nyayo hizo hizo. Mwaka 1861 Baron von der Decken na Richard Thornton walifika ziwa Jipe, na maandishi ya wasafiri wa zamani zile yakaanza kulisifu ziwa kwa maneno ambayo msomaji wa Ulaya alikwisha kuyazoea kwa habari za maziwa ya kwao. Aliyeandika sifa hizo alikuwa na nafasi ya kusimama na kutazama, kwa kuwa hema lake, chakula chake na vyombo vyake vya kupimia vilichukuliwa na vichwa vya watu wengine. Uzuri wa ziwa ulionwa na mtu mmoja. Uzito wa safari ukabebwa na wengi. Na katika miaka iliyofuata njia ile ile ilipitisha pia watu waliotekwa, hata jamaa nyingi za Wapare zikaona heri kukaa juu milimani kuliko kuwa karibu na barabara.

Wadachi walipoitawala nchi walileta reli. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na mwanzoni mwa miaka ya 1910 garimoshi lilikuwa limekwisha kupita Same na kufika Moshi. Katika miaka hiyo hiyo motokaa ilijaribu bahati yake. Mwaka 1907 askari mmoja wa Kidachi, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa makusudi huko Gaggenau, akapitia pande za ziwa Tanganyika, akafika Swakopmund katika pwani ya Atlantiki mwaka 1909. Dunia ilimsifu kuwa ndiye mtu wa kwanza kuikata Afrika kwa motokaa. Ni kweli; lakini katika mito, mchanga na makorongo gari lile lilisukumwa na kuvutwa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakutiwa katika sifa hizo. Hata yeye, aliyesafiri na chombo chake mwenyewe, hakujiendesha peke yake.

Halafu vikaja vita. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipigana na Wadachi karibu na Taveta, si mbali na ziwa Jipe, na mwezi wa Mei yakateremka kufuata mto Pangani na reli, milima ya Upare ikiwa upande wa kushoto. Waingereza walikwisha kujenga reli ya kivita kutoka Voi, ikaja kuungana na ile ya Tanga pale Kahe. Kwa hiyo Upare nayo ilikuwa na Simplon yake: njia iliyonyoshwa kwa ajili ya mizinga. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na uchovu katika vita vile vya Afrika ya Mashariki walikuwa wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi.

Baada ya vita motokaa zilizidi, na chini ya Serikali ya Kiingereza barabara ya Same ikawa njia ya maofisa, wakulima wa mkonge na watalii wa kuwinda. Lakini safari kubwa kupita zote katika historia ya Same haikufanywa kwa motokaa. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 watawala wa Upare walitiwa katika shauri la kodi mpya, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, nayo ikapewa jina la mbiru, lililokuwa jina la ushuru wa kale wa watemi. Watu waliikataa. Walisema kwamba hakuna awezaye kuikadiria kwa haki mali ya jirani yake, na kwamba jina la kale lilitumiwa kufunika jambo jipya. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani kwa miguu, wakakusanyika Same mbele ya makao makuu ya wilaya, wakakaa kwa zamu muda wa miezi. Waliochoka wakarudi mashambani, na wengine wakashika nafasi zao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walitoka, wakawakabili wakubwa uso kwa uso. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa, na kodi ya kiwango kimoja ikashika mahali pake. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1971, na kwa kazi yake msafara ule wa miguu ukapata nafasi katika historia ya taifa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1953, yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyoitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Neno "safari", lililokuwa na harufu ya jasho la mpagazi, sasa likawa jina la mchezo wa mwendo kasi. Hapana ubaya katika mchezo. Watanzania nao walifurahi Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliposhinda mwaka 1966 na tena 1967. Lakini mtu apimaye kama historia ipimavyo atakumbuka kwamba kati ya waliokuja Same kwa miguu mwaka 1945 na waliokuja baadaye kwa magurudumu ya mashindano, wa kwanza ndio waliobadilisha mwendo wa nchi.

Maziwa yenyewe nayo yasomwe vivyo hivyo. Nyumba ya Mungu, ambalo leo mtazamaji hudhani ni ziwa la tangu na tangu, lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali yakutanapo maji ya Kikuletwa na Ruvu, ili kuutuliza mto Pangani kwa ajili ya umeme. Likafunika zaidi ya kilomita 100 za mraba, na wavuvi kutoka pande nyingi wakaja kujenga vijiji ukingoni. Hifadhi ya Mkomazi, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same, ilianza kuwa pori la akiba mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji walikuwa wamekwisha kutolewa humo, na baadhi yao wakapeleka madai yao mahakamani. Leo mgeni hukaa katika gari lake kando ya bwawa la Dindira, akatazama ndovu wakinywa kwa utulivu. Utulivu ule ni wa kweli. Lakini ni sharti ajue kwamba ulinunuliwa, na kwamba wako waliolipa bila kuulizwa bei.

Na juu milimani yako maziwa madogo ambayo ramani za wasafiri haziyataji. Ndizo ndiva: mabwawa ya udongo na mawe yaliyojengwa na wazee wa Upare tangu zama za kale. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, ni mfano unaojulikana sana na wataalamu wa maji. Ndiva hazikuchimbwa na tajiri wala na serikali. Zilichimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja, ambayo Wapare huiita msaragambo. Watu wakiitwa hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa. Kwa msaragambo huo huo zimejengwa shule nyingi, na zimechimbwa sehemu kubwa za barabara zipandazo milimani, zile ambazo motokaa ya mgeni huzipanda leo kwa gia ndogo huku yeye akistaajabia bonde lililo chini yake.

Kwa hiyo safari ya anasa ya kuzunguka maziwa, iwe ya Como au ya Jipe, si jambo la kulaumiwa. Macho ya binadamu yana haki ya kufurahi, na fedha ya mgeni yaweza kumfaa mwenyeji. Kinachostahili kusahihishwa ni ile dhana ya kwamba mtu aliyeshika usukani wake mwenyewe amejitosheleza. Barabara chini ya magurudumu yake ni kazi ya watu. Ziwa mbele ya macho yake mara nyingi ni kazi ya watu. Hata ukimya wa nyika umefanywa na amri za watu. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza mgeni, bali ni kumwingiza katika hesabu ya nyumba. Msafiri wa Upare akiifika siku ya tatu, na aliache gari lake penye kivuli, apande kwa miguu hata ilipo ndiva, akamwulize mwenye zamu maji hufunguliwa saa ngapi.