Kuweka Programu Kwenye Kompyuta: Windows, Mac au Linux, Rahisi ni Ipi?

Binti wa jirani, mwanafunzi wa chuo, alinijia na laptopu mkononi. "Ami, nisaidie." Alitaka programu ya kuandikia ripoti yake ya mwisho. Fundi mmoja wa mtaani alimwekea kutoka kwenye flashi, dakika kumi kazi ikaisha. Wiki mbili baadaye faili zake zote hazikufunguka, na kwenye skrini pakatokea ujumbe wa kudai pesa. Ripoti ikapotea.

Wazee wetu husema rahisi inavunja upishi. Kwa hiyo tunapolinganisha mifumo mitatu mikuu ya kompyuta, tusihesabu mibofyo tu. Tuulize pia: programu hii imetoka kwa nani?

Windows

Huu ndio mfumo wengi wetu tunaujua. Unaingia kwenye tovuti ya mwenye programu, unapakua faili inayoishia na exe au msi, unaibofya, kisha unakubali hatua kwa hatua mpaka mwisho. Katikati kompyuta inakuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko. Swali hilo lilikuja na Windows Vista mwaka 2007, na wengi hujibu ndiyo bila kusoma.

Faida yake ni kwamba mara nyingi faili moja inatosha. Unaweza kuibeba kwa flashi hadi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Hatari nayo inaingilia mlango huo huo, kwani faili inaweza kutoka popote, na nyingine huja na programu za ziada ambazo hukuziomba. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna duka la Microsoft lililomo ndani ya kompyuta yenyewe, lakini wengi wetu hatulifungui.

Mac

Kwenye Mac unapakua faili ya dmg, unaifungua, na unaiburuta alama ya programu hadi kwenye folda ya Applications. Kazi imekwisha. Ukitaka kuiondoa, unaiburuta hadi kwenye pipa la taka, ingawa mabaki madogo hubaki nyuma.

Apple ilifungua duka la programu za Mac mwezi Januari 2011. Mwaka uliofuata ikaleta kinga iitwayo Gatekeeper, ambayo huangalia kama programu ina sahihi ya mtengenezaji anayetambuliwa na Apple. Kwa wepesi wa kuweka programu, Mac haina mpinzani mkubwa. Kikwazo ni bei ya mashine yenyewe.

Linux

Chukua mfano wa Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian ya mwaka 1993. Hapa huhangaiki na tovuti. Kuna hazina kuu ya programu, zinazokusanywa na kutiwa sahihi ya kidijitali na wasimamizi wa mfumo. Unafungua duka na kutafuta jina, au unaandika amri moja, kwa mfano:

sudo apt install vlc

Unatia neno la siri, na programu inakuja na kila kitu inachokitegemea. Kusasisha nako ni kwa pamoja, si programu moja moja.

Ugumu upo. Njia hii inataka intaneti, na bando si bure. Programu kama Photoshop hazina toleo la Linux. Tena kuna aina nyingi za vifurushi, kama deb, Snap, Flatpak na AppImage, na mgeni huchanganyikiwa. Katika maduka ya Snap na Flatpak, angalia jina la aliyeiweka programu kabla ya kukubali.

Programu iliyovunjwa kufuli

Hili linahusu mifumo yote. Programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na agizo la kuzima kwanza kinga ya virusi. Jiulize kwa nini mgeni anakutaka umfunge mbwa kabla hajaingia ndani.

Na sisi Waislamu tuna swali jingine. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilitambua haki za utunzi na uvumbuzi kuwa mali inayolindwa na sharia. Kazi ya mtu haiwi halali kwetu kwa sababu tu inaingia kwenye flashi.

Tena hatuna dharura. LibreOffice kwa kuandika, GIMP kwa picha na VLC kwa video ni za bure kihalali, na zinapatikana katika mifumo yote mitatu.

La kufanya

Anza na duka la mfumo wako. Usipoipata programu huko, nenda kwenye tovuti ya mwenyewe, si ya wapita njia. Fundi akikuwekea, muulize ameitoa wapi, na asipotaka kusema, chukua laptopu yako uondoke. Na kazi yako muhimu iwe na nakala mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo.

Binti yule aliiandika ripoti upya, safari hii kwa LibreOffice. Kuipakua kulimla bando, lakini faili zake bado zinafunguka.